Kabla mruke hadi Diani, shukeni kwanza Burma

Kuna kikundi chenu cha WhatsApp, najua. Kila mwisho wa mwezi mweka hazina anawakumbusha mchango. Wawili wanatuma papo hapo, mmoja anaahidi "kesho asubuhi mapema", na mwingine simu imezimika hadi tarehe tano. Desemba ikifika mnataka kuruka kutoka Wilson hadi Ukunda, mshuke, mpige picha mkiwa na madafu, mposti, kisha mrudi Nairobi kuanza Januari mkiwa hamna hata ganji ya mandazi.

Sina ubaya na Diani. Nimeenda, nimeposti, na hiyo Januari nimeionja. Lakini nina swali dogo. Umewahi kufika Soko la Burma kama mtalii? Sisemi kutumwa nyama na mama. Sisemi pia kupita Jogoo Road ukiwa umebanwa kwenye mathree, pua ikikuambia kuna mtu anageuza mbavu za mbuzi hapo ndani. Nauliza kama umewahi kutoka nyumbani asubuhi kwa nia ya kutembea, kuona, kuuliza maswali, kula, kisha kurudi ukiwa na stori.

Unacheka. Kwa wengi wetu tuliolelewa Eastlands, utalii ni kitu kinachofanyika mahali pengine, na watu wengine. Huku kwetu ni mtaa tu. Hayo mawazo yana gharama, na gharama yenyewe inaweza kupimwa kwa kilo.

Tuifanye hiyo hesabu, na usikimbie, ni ya shule ya msingi. Lita moja ya petroli ikiungua kwenye injini hutoa takriban kilo 2.3 za hewa ya kaboni. Lita ya dizeli hutoa karibu kilo 2.7. Gesi inakuwa nzito kuliko mafuta yenyewe kwa sababu kaboni iliyo ndani ya mafuta hushikana na oksijeni ya hewani, na oksijeni ndiyo inayoongeza uzito. Ukizishika namba hizo mbili, utaweza kuikagua safari yoyote mwenyewe.

Nairobi hadi Mombasa ni kama kilomita 480. Chukua basi la usiku linalokula lita moja kwa kila kilomita tatu. Litateketeza lita 160, yaani kama kilo 430 za kaboni. Zigawe kwa abiria 45 na kila mmoja anabeba chini ya kilo 10, au tuseme 20 kwenda na kurudi. Sasa chukua gari dogo la petroli linaloenda kilomita 12 kwa lita, dereva akiwa peke yake na muziki wake. Kwenda na kurudi ni lita 80, sawa na kilo 184. Na ndege? Makadirio ya kawaida huzunguka kilo 100 kwa kiti kimoja kwenda na kurudi, zaidi au pungufu kulingana na aina ya ndege na idadi ya abiria.

Soma tena hapo. Yule jamaa anayeendesha gari peke yake hadi pwani akijiona ameokoa dunia kwa kuikwepa ndege amechafua hewa kuliko aliyeruka. Mkijaa wanne kwenye gari hilo hilo, kila mmoja anabaki na kilo 46. Kwa hivyo usiulize tu unapanda nini. Uliza pia mko wangapi ndani. Treni ya SGR, iliyoanza kubeba abiria 31 Mei 2017, bado inavutwa na dizeli, lakini inabeba mamia ya watu kwa safari moja. Nauli ya behewa la kawaida ilipanda hadi Sh1,500 mwanzoni mwa 2024 na wengi wakanung'unika, nami nikiwemo. Hata hivyo, ukilinganisha na tikiti ya ndege, bado ni mteremko.

Maasai Mara nako mchezo ni uleule. Land Cruiser ya dizeli ikizunguka kilomita 700, yaani njia ya kwenda na kurudi pamoja na siku mbili za kutafuta simba, ikila lita moja kwa kilomita nane, itatoa zaidi ya kilo 230 za kaboni. Wakiwa wapenzi wawili peke yao na dereva, kila mmoja ana kama kilo 118. Wakiwa marafiki sita, kila mmoja ana 39. Kuna kambi huko Mara, Emboo ni mojawapo, zinazotumia magari ya umeme yanayochajiwa kwa jua. Kenya ina bahati hapo, kwani karibu asilimia 90 ya umeme wetu hutoka kwenye vyanzo kama mvuke wa Olkaria, maji, upepo na jua. Tatizo ni bei. Kambi za aina hiyo hazikujengwa zikimfikiria mtu anayelipia Netflix kwa kuazima nenosiri la binamu yake.

Tukitoka kidogo nje ya nchi, mambo yanakuwa mazito. Utafiti uliochapishwa 2018 katika jarida la Nature Climate Change ulikadiria kwamba utalii unachangia karibu asilimia 8 ya gesi zinazopasha dunia joto. Mgeni anayetoka London hadi Nairobi na kurudi, zaidi ya kilomita 13,000 angani, anabeba takriban tani moja ya kaboni kwa kiti chake pekee. Mkenya wa kawaida, kwa mafuta yote anayochoma mwaka mzima, hafikishi nusu tani. Mgeni huyo akifika hotelini anakuta kadi kitandani inayomwomba asifuliwe taulo kila siku ili kulinda mazingira. Taulo! Sisemi maji yasiokolewe. Lakini ikiwa hoteli inataka kweli kupunguza kaboni, ingemshawishi mgeni huyo akae wiki tatu badala ya siku tano, ndiyo safari moja ndefu ichukue nafasi ya tatu fupi.

Lakini hatuwezi kuwaambia wageni wasije. Mwaka wa 2024 walifika karibu milioni 2.4, na nchi ikapata zaidi ya Sh450 bilioni. Mwaka wa 2020, Korona ilipofunga anga, idadi ilishuka chini ya laki sita, na ukiwa na ndugu aliyekuwa mpishi au mhudumu pwani unajua vile kilichofuata kilikuwa kigumu. Ndipo hoteli zikaanza kumkumbuka Mkenya na kutangaza bei nafuu kwa wenyeji. Ilichukua janga la dunia nzima kwa mtu wa Umoja au Buruburu kuitwa mtalii nchini mwake.

Basi tushuke sasa, maana nilikuahidi Burma.

Njia ninayoipenda haianzii Burma. Inaanzia katikati ya jiji, Kenyatta Avenue, kwenye ile sanamu ya askari ambayo umeipita mara elfu bila kuinua macho. Ilisimamishwa 1928. Ina watu watatu, na mmoja wao ni mchukuzi, kwa sababu katika Vita vya Kwanza vya Dunia Waingereza walichukua Waafrika wengi sana wa kubeba risasi, unga na majeruhi, na makumi ya maelfu yao walikufa, wengi kwa maradhi na njaa. Kikosi chao kiliitwa Carrier Corps. Litamke jina hilo haraka, kwa ulimi wa nyumbani, utapata Kariokor.

Tembea hadi huko. Kariokor utakuta vyondo, viatu vya ngozi, akala za matairi, na mafundi wanaokushonea kamba ya kiatu ukiwa umesimama kwa mguu mmoja. Ukinunua kiondo hapo, kitakusaidia baadaye, maana mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku tangu 28 Agosti 2017 na nyama haibebwi mkononi. Kutoka Kariokor unashuka Gikomba. Shika simu yako vizuri hapo, sitakudanganya, na usitembee ukiwa umeitoa kupiga video. Lakini angalia pia kile kinachofanyika. Shati lililoshonwa Asia na kuvaliwa Ulaya linapata mwenye tatu hapa, na pengine wa nne akiwa mdogo wako.

Halafu unafika Shauri Moyo, na Burma iko hapo, karibu na uwanja wa City Stadium. Jina linatoka kwenye vita vya pili. Maelfu ya vijana wa Afrika Mashariki, wakiwa na King's African Rifles, walipelekwa Asia kupigana na Wajapani katika misitu ya Burma, nchi ambayo leo inaitwa Myanmar. Walitembea kwenye tope na mvua ya mwaka 1944 katika bonde la Kabaw, wakikufa kwa risasi na kwa malaria. Waliorudi walirudi na hilo jina. Kwa hivyo ukitoka Kariokor hadi Burma umetoka vita kimoja cha dunia hadi kingine kwa miguu, mwendo wa kama nusu saa hivi ikiwa mikokoteni haijaziba njia. Sijui miji mingi inayoweza kukupa hilo bila tikiti.

Ng'ambo ya Jogoo Road kuna Kaloleni, mtaa wa miaka ya 1940 uliojengwa kwa mikono ya mateka wa Kiitaliano. Nyumba za mawe, paa la vigae, uwanja wa nyasi katikati na miti ambayo ni mikubwa kuliko babu yako. Ingia kwa adabu, salimia wazee, omba ruhusa kabla ya kupiga picha ya nyumba ya mtu. Wageni wamekuwa wakipelekwa Kibera kupiga picha za umaskini kwa miaka mingi na tumelalamika kwa haki. Itakuwa aibu sisi wenyewe tufanye vivyo hivyo Kaloleni, eti kwa sababu tunajua Sheng.

Ila kitu ambacho ningetaka ukione hasa ni cha bati. Katika jua kali ya Shauri Moyo na Kamukunji, kelele za nyundo zinaanza mapema na hazinyamazi. Wanatengeneza masanduku ya shule, sufuria, karai, na majiko. Lile jiko lenye bati nje na udongo wa kufinyangwa ndani, lenye kiuno chembamba, unalijua kwa sababu liko kwenu. Muundo wake ulipatikana mwanzoni mwa miaka ya 1980, baada ya wataalamu kuchukua wazo kutoka jiko la ndoo la Thailand na kulichanganya na jiko letu la bati. Waliolifanya liwe bidhaa ni mafundi wa jua kali, wa hapa Shauri Moyo wakiwa mstari wa mbele. Udongo ule unashikilia joto ili lisipotee pembeni, na makaa yanayotumika yanapungua sana. Tangu hapo muundo huo umeigwa katika nchi nyingine nyingi za Afrika. Tunapenda kuambiwa kwamba suluhu za tabianchi zitatoka California. Hii ilitoka mahali ambapo unaweza kufika kwa nauli ya soo, na fundi bado yuko, anagonga.

Simama umwone akifanya kazi. Muulize bei. Mnunulie moja mpelekee shosho.

Sasa njaa. Burma ni soko la nyama, na utaratibu ni ule unaoujua: unaingia kwenye buchari, unachagua kipande kikiwa kimening'inia, kinapimwa mbele yako, kinaenda kwa mchomaji, nawe unakaa kwenye fomu ukisubiri hadi kije juu ya ubao, kikatwe vipande, chumvi pembeni, kachumbari, ugali. Angalia mizani kabla hujakubali bei. Zungumza na mchinjaji kwa heshima, mwite mkubwa, atakuchagulia kipande kizuri kuliko ulichokuwa unakiangalia.

Na hapa ndipo makala yangu inanigeuka, afadhali niseme mwenyewe kabla hujaniandikia. Nyama ya ng'ombe ni mzigo mkubwa wa gesi. Ng'ombe akicheua hutoa methani, gesi inayopasha joto kuliko kaboni yenyewe. Makadirio hutofautiana kulingana na nchi na ufugaji, lakini mengi huzungumzia makumi ya kilo za gesi kwa kila kilo moja ya nyama ya ng'ombe. Mbuzi naye hucheua, ila kwa kawaida yuko chini ya ng'ombe. Kuku yuko chini zaidi, na maharagwe hata usiseme. Maana yake, ukikaa Burma ukamaliza nusu kilo ya ng'ombe peke yako, unaweza kuwa umefikia mzigo wa kiti kimoja kwenye ile Land Cruiser ya watu sita.

Na makaa? Kilo moja ya makaa hutafuna kilo kadhaa za kuni tanurini. Kaunti ya Kitui ilifikia kupiga marufuku usafirishaji wa makaa Januari 2018 kwa sababu miti ilikuwa inaisha.

Nimefikiria hilo sana, na jibu langu si kwamba usile. Ukienda Diani ungekula nyama pia, juu ya ile kilo mia ya ndege. Ukienda Mara ungekuta choma ya jioni kambini. Nyama ingekuwepo, safari ndiyo ingeongezeka. Lakini agizeni kwa akili. Mkiwa watano, kilo moja ya mbuzi na ugali mkubwa na sukuma inatosha, hakuna haja ya kuagiza tatu ili picha ijae. Kula matumbo, kunywa supu ya mifupa, kula mutura. Mnyama ameshachinjwa, na kutupa sehemu yake yoyote ni kupoteza mara mbili. Nchi nyingine hivyo vitu ni chakula cha mbwa. Sisi tumekuwa tukivipangia foleni tangu zamani.

Kisha fikiria huyo mnyama alikotoka. Wengi wa mbuzi wanaoliwa Eastlands huchinjwa Kiamaiko, lakini walizaliwa mbali, kwa wafugaji wa kaskazini na kusini mwa nchi. Ukame wa kati ya 2020 na 2023 uliua zaidi ya mifugo milioni mbili Kenya. Familia zilizopoteza mifugo hiyo hazijawahi kupanda ndege. Mchango wao kwenye joto la dunia ni kidogo sana, na wao ndio waliozika ng'ombe wao kwa mikono. Ndiyo maana nasumbuka na kilo za kaboni za Desemba yenu. Bei ya kilo moja pale Burma ikipanda, unailalamikia kwa mwenye buchari, lakini mara nyingine imeanzia kwenye mvua ambayo haikunyesha Marsabit.

Kuna jambo lingine linalonifanya nikuharakishe. Mpango wa serikali wa nyumba nafuu umeingia mitaa hii ya zamani. Makongeni na Shauri Moyo imo. Sipingi nyumba mpya, nimeishi kwenye chumba ambacho choo chake kilihudumia familia nane na sikuoni ukinifundisha uzuri wa zamani. Lakini ghorofa zikishasimama, mengi ya niliyokuelekeza yatakuwa kwenye picha tu. Na saruji na chuma navyo vina kaboni yake, nyingi, ambayo sijamsikia mtu akiihesabu pale Jogoo Road. Vijana wa Kaloleni na Shauri Moyo wanaojua historia ya mitaa yao wangeweza kulipwa kuwaongoza wageni, wa ndani na wa nje, lakini kaunti ingelazimika kwanza kukubali kwamba kuna kitu cha kuonyeshwa. Kwa sasa, ukimpata kijana wa mtaa akakutembeza saa mbili, mlipe. Usimpe asante na soda. Mpe pesa ile ambayo ungempa mwongoza wageni wa Mombasa.

Ukitaka bahari lazima, na nakuelewa, usiende kwa kuruka. Panda treni hadi Mombasa, vuka Likoni, chukua matatu hadi Gazi, Kwale. Huko jamii ya wavuvi na wakulima inalinda mikoko chini ya mradi unaoitwa Mikoko Pamoja, ulioanza kuuza hewa ya kaboni 2013, na pesa zimeenda kwenye maji na shule za kijiji. Kina mama wa Gazi wana daraja la mbao linalopita katikati ya mikoko, unatembea juu ya matope bila kulowa, kisha wanakupikia samaki. Baada ya hapo Diani iko njiani ukirudi. Hutakosa picha yako ya madafu.

Sisi kwenye kikundi chetu tumepiga kura. Watano wamekubali treni, mmoja bado anataka ndege kwa sababu anasema treni ni ya safari za shule. Tumemwambia tukutane kwanza Jumapili saa tatu asubuhi pale kwenye sanamu ya askari, tutembee hadi Burma, tumalizie ubishi tukiwa na ubao mbele yetu. Ameweka alama ya dole gumba. Mchango wa Oktoba bado hajatuma.